Ziwa Nililompa Mtoto wa Time

Juzi mjukuu wangu kaja hapa mashavu yamemvimba. Yeye na mumewe wote ni wafanyakazi wa ofisi mjini Chake Chake, na yaya wao kataka aongezwe mshahara. "Bibi, yaya anatumaliza!" anasema. "Nafanya kazi ili nimlipe yeye!" Nikamwachia aseme mpaka akaishiwa na pumzi. Kisha nikamuuliza: huyo yaya ni mtoto wa nani? Hajui. Wazee wake wapi? Shamba huko. Weye ukiwa kazini, anampa nini mtoto? Akanikodolea macho. "Si tunamwachia uji, Bibi." Lahaula! Mtu unamkabidhi mwanao tangu asubuhi mpaka alasiri, na swali lako la kwanza na la mwisho ni bei!

Nikashika kichwa. Nikamwambia akawaite na wenziwe, ndio nyinyi mliokaa hapa na watoto mapajani, mje msikie kwa mtu ambaye kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Mie Bi Mize sikuwahi kuuza samaki wala kushona kofia. Nililea watoto wa wachumaji karafuu, msimu kwa msimu, dago kwa dago, mpaka magoti yakakataa.

Dago, kwa nyinyi wa mjini, ni kambi ya wachumaji. Karafuu zikikomaa watu walihama. Walitoka kwetu Wambaa, Gando, Kisiwa Panza, Unguja, hata Mrima kule pwani ya bara, wakaja kukaa kwenye vibanda vya makuti katikati ya shamba la tajiri mpaka mti wa mwisho uishe. Wanaume walipanda juu, wanawake walichuma matawi ya chini, na jioni wote wakakaa kuchambua, yaani kuzitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti. Msimu ukikupita umekupita. Huna nguo ya Idi, huna mafuta ya taa, huna kitu mpaka karafuu zirudi tena. Sasa niambieni, mwanamke ana mtoto ambaye hata kukaa hajaweza, atafanyaje?

Nitakwambieni alivyofanya mmoja, kwa macho yangu haya. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga akapanda naye mti. Tawi la mkarafuu, nyinyi hamlijui. Tawi la mwembe likitaka kuvunjika hulia kwanza, ukapata nafasi ya kujishika. La mkarafuu halina adabu hiyo. Linasema tap, basi. Siye chini tulisikia tap, tukaona mwanamke anashuka na majani yake. Yeye kafika chini kavunjika mguu. Kanga imenasa juu kwenye kisiki cha tawi, na mtoto ananing'inia ndani ya ile kanga, anacheka! Wallahi alikuwa anacheka. Watu wazima wanalia, wanaume wanagombania kupanda, na kitoto kinafurahia kubembea. Alipoteremshwa salama hakuna aliyekwenda tena mtini mpaka adhuhuri. Mie hata leo nikisikia ukuni unavunjika nashtuka.

Jioni ile msimamizi wa shamba, mtu asiyejua ila kufoka, kasema kwa sauti ya chini: "Bi Chumu, watoto wote kuanzia kesho kwako."

Bi Chumu alikuwa mwanamke mkubwa, mfupi, mnene wa kiuno, ana sauti ya muadhini. Alikuwa hachumi tena kwa ajili ya macho yake kufifia. Na msaidizi wake akatafutwa, nikachaguliwa mie. Msidhani nilichaguliwa kwa huruma zangu au kwa kupenda watoto. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa naogopa kupanda, na matawi ya chini yalikuwa na wenyewe. Nilikuwa mke kijana, nina mwanangu wa kwanza, Faki, yuko ziwani bado, ananyonya. Mume wangu Kombo alikuwa juu mtini tangu alfajiri. Basi nikakabidhiwa kundi la watoto wa watu, na Faki wangu katikati yao.

Malipo yetu yalikuwa kibaba cha karafuu kwa kila mtoto, kila jioni. Mnacheka? Kwa mchumaji dhaifu kibaba kile ndicho kilichokuwa chakula chake cha usiku. Wapo waliotupimia kwa mikono yenye vidole vilivyoachana, karafuu zikavuja njiani. Bi Chumu aliwatazama tu vile vidole. "Haya," atasema, "na mie leo mwanao nimemshika hivyo hivyo, nimemwachia hapa na hapa." Mama wa watu anaona haya, anaongeza.

Nikamkuta Bi Chumu ana elimu yake. Kwanza maji moto, wale chungu wekundu wanaojenga kwenye majani ya mkarafuu. Mama akishuka mtini anao kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye kwapa. Akimkimbilia mwanawe kwa hamu, chungu wanahamia kwa mtoto, na hapo ndipo utakaposikia kilio cha kupasua mbingu. Kwa hiyo mama yeyote akija, Bi Chumu alisimama mlangoni na ufagio wa makuti. "Jikung'ute! Ruka! Ruka tena!" Wanawake wazima wanaruka kama wanacheza ngoma ya msewe. Pili mikono. Mikono iliyochuma karafuu ina mafuta makali, ukimfuta mtoto uso unamchoma macho. Ilibidi waoshe kwa ndimu na mchanga kwanza. Tatu majamvi. Karafuu zinaanikwa uwanjani juu ya majamvi, na mtoto anayetambaa, kitu anachokipenda duniani ni jamvi la karafuu.

Siku moja mtoto mmoja katuponyoka, kafika katikati ya jamvi, kakojoa. Msimamizi karuka juu! "Mnajua karafuu hizi zinakwenda wapi? Zinakwenda Ulaya, wazungu wanatia kwenye vyakula vyao!" Bi Chumu hakuinua hata uso. "Basi weye usiwaambie," kasema. Mie nilijificha nyuma ya kibanda kwa kucheka, na msimamizi mwenyewe kageuka upande, mabega yanamcheza.

Lakini lipo jambo moja Bi Chumu hakulifanyia mzaha hata siku moja, nalo ni ziwa.

Nisikilizeni hapa. Mama kaenda kuchuma tangu alfajiri, mti wake uko mbali, hawezi kurudi kila mtoto akilia. Maziwa yanamjaa, yanamuuma, anayakamua chini, siku ya kumi yamekauka. Na akirudi adhuhuri, kifua chote kinanuka karafuu, jasho na mafuta ya karafuu yamemwingia mpaka kwenye chuchu. Mtoto anashika, ulimi unamfa ganzi, anaachia, analia. Nimewaona watoto wanaogopa kifua cha mama zao! Maziwa ya kopo wakati ule tuliyasikia tu, yalikuwa ya Wahindi na wakubwa. Maziwa ya mbuzi yalitaka mbuzi. Mie nimekaa pale kivulini, kifua kimejaa, Faki anashiba na kubakisha. Mtoto wa mtu analia njaa mbele yangu mpaka sauti inamkauka. Ungefanya nini weye? Hata jiwe lingetoa maziwa.

Bi Chumu akanishika mkono siku ya kwanza tu. "Mize, ukimpa ziwa mtoto wa mtu, umempa undugu. Si maziwa tu yale. Atakuwa ndugu wa mwanao, haramu kwake milele kama aliyetoka tumboni mwako. Kwa hiyo usimpe kimyakimya. Umpe mie nikiona, na mamake akija umwambie siku ile ile, kwa kinywa chako, naye ajibu kwamba kasikia." Na hivyo ndivyo nilivyofanya. Wengi niliwatuliza kwa maji ya moto na sukari au uji mwepesi, sikuwanyonyesha. Aliyenyonya kwangu msimu ule ni mmoja, mtoto wa Time.

Time alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu wa vidole, mchumaji hodari kuliko wanaume wengine. Mumewe alikuwa baharini, sikuwahi kumtia machoni. Time alikuja na wifi zake na mtoto wa kike, mchanga, hajaota jino. Jina lake sikulijua. Dagoni hatukuwaita watoto majina yao, tuliwaita kwa mama zao: mtoto wa Asha, mtoto wa Siti, mtoto wa Time. Maziwa ya Time yalikauka mwanzo kabisa wa msimu. Mtoto akanyauka, kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili. Siku nilipompa ziwa alinikamata kwa mikono yote miwili, hakuachia mpaka usingizi ukamchukua.

Time aliporudi nikamwambia, Bi Chumu kasimama pale. "Time, mwanao kanyonya kwangu. Keshakuwa ndugu yake Faki. Umesikia?"

Kanitazama, machozi yanamlengalenga. "Nimesikia, Mize. Mungu akulipe." Kisha kasogea karibu. "Lakini nakuomba usiwaambie wifi zangu. Mamaao keshasema mie ni mwanamke wa kuacha mtoto nikafuata karafuu. Akisikia na ziwa nimeazima, atanitoa nyumbani. Nitamwambia mume wangu mwenyewe, akirudi."

Bi Chumu kaguna. "Umwambie kweli."

"Nitamwambia."

Basi msimu mzima ikawa vile. Faki upande huu, mtoto wa Time upande huu. Faki alikuwa na tabia moja mbaya: akinyonya, mkono wake mmoja lazima ushike nywele za mwenzake na kuzivuta. Yule binti naye halii, anampiga teke. Siye tulikuwa tunacheka. Karafuu zilipokwisha watu wakatawanyika, kila mmoja kwake, na Time akanipotea. Bi Chumu kafariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu. Niliendelea na kazi yake na ufagio wake.

Sasa hapa ndipo nataka mnyamaze, na huyo mtoto anayelia mpeni ziwa la mamake mwenyewe.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, lakini mchele bado ulikuwa wa shida na nguo za kutafuta. Faki wangu kakua, kawa seremala. Akazoea kwenda Kisiwa Panza kutengeneza milango na vitanda vya watu. Mara naona anakwenda na hakuna mlango. Nikamuuliza, "Kunani huko?" Kacheka, katazama chini. Babake kapeleleza, kukaonekana kuna msichana, Rukia binti Shaame, mtulivu, kahitimu Kurani, analelewa na shangazi yake, Bi Mkasi, kwa kuwa babake kafariki na mama aliachwa zamani. Faki alikuwa kamwona kwa mbali tu, kapita uani na ndoo. Lakini mtu akishapenda, kwa mbali kunatosha.

Wazee wa kiume walikwenda kuposa, wakakubaliwa. Mie nilikwenda mara moja kumsalimu Bi Mkasi, mtu nisiyepata kumwona kabla, nikaonyeshwa binti kafunika uso, nikaona vidole vyake tu, virefu vizuri, vina hina. Nikafurahi. Habari za mama yake niliuliza, nikajibiwa yuko Gando kwa mume mwengine, ataletewa habari. Mie ningejua nini?

Faki akatengeneza kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Kila jioni anakipiga msasa, kila siku anaona pahala hapajalainika. Nilimwambia, "Mwanangu, utakimaliza chote kibaki vumbi!" Sijapata kumwona mtu na furaha ile.

Siku ya harusi tukavuka mapema sisi wanawake, na sanduku la bibi harusi na vitunguu na samli. Ndoa ifungwe baada ya alasiri msikitini. Watu wa Kisiwa Panza walikuwa wamechanga mchele nyumba kwa nyumba, sufuria zimekwisha kupanda jikoni, uani vigelegele. Mie nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia mwanamke mrefu na vumbi la safari, ana furushi kichwani. Kasimama. Kanitazama. Kalitua furushi.

"Mize! Mize wa dagoni!"

"Time! Hee! Time, ni weye?"

Tukakumbatiana, tukacheka, tukapigana mabega. Wanawake wote wanatutazama. "Huyu ndiye aliyeniokolea mwanangu!" anawaambia. Mie nimefurahi mpaka nazi imeanguka majivuni. Nikamuuliza, "Na weye umekuja kwa nani? Huku bwana au huku bibi?"

"Mie ndiye mama wa bibi harusi," kasema. "Rukia ni mwanangu. Na weye?"

Wanangu, nilichoweza ni kumwonyesha kwa kidole lile sanduku la harusi tulilovuka nalo. Niliona uso wake unabadilika mbele yangu, kicheko kinamtoka taratibu, maana na yeye keshafahamu. "Faki," kasema kwa sauti ya chini. "Waliniambia bwana anaitwa Faki. Faki ni wengi, Mize! Pemba hii kina Faki ni wengi!"

Nikashika ukuta.

Time kanivuta nyuma ya choo, pahala pasipo watu. Nikamkamata mabega nikamtikisa, niliona hasira ya kweli. "Nilikwambia! Nilikwambia mbele ya Bi Chumu! Ukasema utamwambia mumeo!"

"Ningemwambia lini? Aliporudi baharini alikuta mamake keshampa maneno. Aliniacha siku ile ile, Mize, mlangoni. Kanipokonya mtoto. Nilivuka, nikatembea mpaka Gando peke yangu, kifua kitupu. Ningemwambia nani habari za ziwa? Nani alinisikiliza?" Kisha akanishika mikono yote miwili. "Tunyamaze. Nakuomba. Mwanangu sikumlea, sikumvisha, sikumpa kitu. Leo ndiyo mara ya kwanza wananiita mama yake mbele ya watu. Nikimvunjia harusi hatanitazama tena. Bi Chumu kafa. Nani anajua? Mie na weye na Mungu tu."

"Kwani huyo wa tatu hatoshi?" nikamwambia.

Kaniachia mikono. Kakaa chini pale pale, kwenye udongo. Mie nilimhurumia, na nikamchukia, na nikamhurumia tena. Na nitakwambieni kweli, wajukuu zangu, maneno yake yalinipita kichwani na hayakupita upesi. Nilikiona kile kitanda. Nilimwona Faki na msasa wake. Mtu asidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimetishika tu: niliwaona wajukuu wanazaliwa, nami nawapakata na najua. Nani angeweza kukaa nalo hilo?

Nikamtuma mtu kumwita Shehe aliyekuwa afungishe ndoa, aje ukumbini, na mume wangu Kombo aje naye. Shehe alikuwa mzee mpole, kavaa joho lake tayari. Nikasimama nyuma ya pazia nikasema yote. Nikasikia Kombo anavuta pumzi. Shehe kauliza taratibu: mtoto alikuwa wa umri gani? Nikamwambia hajaota jino. Alinyonya mara ngapi, zilifika zile tano za kushiba zinazofanya undugu? Nikamwambia, Shehe, msimu mzima, asubuhi na mchana. "Na mama yake anasemaje?"

Nilidhani Time atakana. Shehe na Kombo walikuwa wanasubiri nyuma ya pazia lile. Time katoka uani, kajifunika kanga mpaka machoni, kasimama karibu yangu. "Ni kweli, Shehe," kasema. "Aliniambia siku ile ile. Mie ndiye niliyeficha."

"La ilaha illallah," kasema Shehe. "Hawa ni ndugu. Ndoa hii haipo."

Bi Mkasi, shangazi yake Rukia, kapiga ukelele ambao watu wa ufukweni waliusikia wakadhani kafa mtu. Kisha akamgeukia Time, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele ya watoto. Vigelegele vilikatika. Wanaume wakaja mbio kutoka msikitini. Faki kaja na kanzu yake mpya na kilemba, katazama nyuso, hakuna anayemtazama. Babake kamwambia. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Hakupiga kelele. Kaja mpaka kwenye pazia, kaweka mdomo karibu, kaniita kama alipokuwa mdogo.

"Mama. Sema umekosea. Watoto walikuwa wengi, sema umesahau nani ni nani."

Moyo ulinipasuka pande mbili. "Wote naweza kuwasahau, mwanangu," nikamwambia. "Huyu siwezi. Mlikuwa mnanyonya pamoja, na weye ulikuwa ukimvuta nywele."

Nilisikia tu pumzi zake upande wa pili wa kitambaa, na mie nimekiuma kitambaa nisilie kwa sauti.

Rukia alikuwa chumbani, kafunikwa, hina mikononi, asumini kichwani. Tukaingia kumwambia mie na mamake. Nilidhani atazimia, watu wamekwisha kuandaa maji. Hakuzimia. Kauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: "Yeye keshaambiwa?" Tukamwambia keshaambiwa. Akajifunika upya, akageukia ukutani. Time kakaa mwisho wa kitanda, hakuthubutu hata kumgusa mguu.

Nje hakuna aliyejua afanye nini. Pilau imeiva, watu wamekaa, hakuna anayekula. Nikasikia Faki anamuuliza Shehe, na kila mtu alisikia: "Shehe, kama ni dada yangu, basi si mtu wa kando kwangu. Nina ruhusa ya kuingia nimwone?"

Mzee yule macho yalikuwa mekundu. "Unayo, mwanangu," kasema. "Ruhusa ya ndugu."

Akaingia. Wanawake tulisimama, tukarudi nyuma. Rukia kasikia hatua, kageuka, na hakuna tena sababu ya kujifunika, basi ule ushungi akauteremsha mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza wale watu kutazamana karibu. Walitazamana mpaka mie nikashindwa, nikatazama sakafu. Faki kakaa kwenye mkeka. Kampa mkono, na yeye kaupokea. Sikusikia walichosema. Nilisikia tu binti analia, kilio cha mtu aliyejizuia muda mrefu, na Faki anamwambia pole, pole, anarudia neno hilo hilo. Time alilia upande mmoja na mie upande mwengine, hatuthubutu kusogeleana.

Kisha Faki kainuka. Kafika mlangoni, kashika kizingiti. Uani kulikuwa kumejaa watu. Kilemba kimemlegea, uso umelowa, lakini sauti ilikuwa yake.

"Dada yangu hajala tangu jana," kasema. "Mpakulieni."